Lenzi ya Mpita Njia, Lenzi ya Mwenyeji

Picha za pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma, zina jua jingi kupita kiasi. Zipange zilizochapwa tangu enzi za Wajerumani na utakutana na Boma la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, likiwaka weupe juu ya kilima. Wapagazi wamepangwa msururu. Wanawake wa Kimakonde wenye ndonya midomoni wamekunja nyuso kwa ukali wa mwanga. Kisha matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza na gati jipya la Mtwara. Na katika miaka ya karibuni, mitambo ya gesi. Karibu zote ni za nje, na karibu zote ni za mchana. Cha kutafuta kwa tochi ni chumba cha nyumba ya mawe ya Mikindani kabla paa lake halijaanguka, mzee anayesoma kwa kibatari, uso wa mpiga ngoma saa nane za usiku, watu waliokaa barazani jua likishazama. Joto la pwani hii limeyasukuma maisha ya watu kivulini na usiku, na sehemu hiyo ndiyo ambayo kamera haikuigusa. Hoja yangu ni kwamba pengo hili lina asili inayoelezeka: limeachwa na lenzi zilizobuniwa kwa ajili ya mtu anayepita. Kijana wa Chuno au Shangani, hapa Mtwara mjini, anayetaka leo kuachana na lenzi yake moja ya kila kazi, ile ya milimita 18 hadi 200, anafanya uamuzi unaoguswa moja kwa moja na historia hii, hata kama anadhani anahangaika na bei na uzito tu.

Tuanze na kioo chenyewe. Kila lenzi huulizwa maswali mawili: inaona kiasi gani cha mbele yake, na inaruhusu mwanga kiasi gani upite. Kujibu yote mawili vizuri ni kazi ya gharama, na tangu mwanzo mafundi walichagua jibu moja na kuliacha jingine. Mwaka 1812 Mwingereza William Hyde Wollaston alibuni lenzi ya kioo kimoja kilichopinda, ikiwa ya kisanduku cha kuchorea. Upigaji picha ulipovumbuliwa, lenzi za mtindo huo zikawa za mandhari. Zilitoa picha pana iliyotulia, lakini tundu lake lilibidi libanwe hadi f/14 hivi au zaidi ya hapo, na aliyetaka sura yake alilazimika kukaa juani bila kutikisika kwa muda usiovumilika. Mwaka 1840 Joseph Petzval, profesa wa hisabati mjini Vienna, alikokotoa lenzi ya f/3.6 ikatengenezwa na Voigtländer. Ilipitisha mwanga karibu mara 15 zaidi. Kingo za picha zilififia na kuzunguka, lakini uso uliokuwa katikati ulitoka ukiwa hai, kwa sekunde badala ya dakika. Lenzi hiyo ndiyo iliyoifanya studio kuwa biashara inayowezekana, yaani kazi ya mtu anayekaa mahali pamoja, anayejua kiti kitakuwa wapi na dirisha liko upande gani. Tangu hapo lenzi zina koo mbili. Ukoo mmoja hutazama kwa upana au kwa mbali na huomba jua; mwingine husogea karibu na huridhika na mwanga wa dirishani.

Pwani ya Waswahili ilizijua koo zote mbili mapema. James Augustus Grant, mwenzake mpelelezi Speke, alipiga picha Zanzibar mwaka 1860, lakini safari ilipoelekea bara aliiweka kamera kando akashika penseli, kwa sababu kazi ya kemikali na vioo haikuendana na mwendo wa msafara. Waliokaa walifanya vingine. Familia ya Gomes, Wagoa, iliendesha studio mjini Zanzibar tangu karne ya 19, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930 na mwanawe Rohit akairithi, N. V. Parekh alifanya kazi Mombasa, Omar Said Bakor akafanya Lamu. Ukitazama kazi za watu hawa unaona kitu ambacho picha za Kusini hazina: nyuso zilizomulikwa kwa upole, watu waliochagua wenyewe kanga, koti au saa ya mkononi ya kuonekana nayo, na giza laini nyuma yao. Kusini studio zilichelewa. Mikindani ilikuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya biashara yake ya majahazi, makao makuu ya utawala yalikuwa Lindi, na Mtwara ilianza kuwa mji wa kweli baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilipochaguliwa kuwa bandari ya karanga. Kwa hiyo katika miongo ambayo Zanzibar ilikuwa inajipiga picha yenyewe, eneo hili lilikuwa linapigwa na wageni.

Na wageni walikuja na lenzi yao. Watu wengi hudhani kwamba lenzi moja ya kila kazi ni jambo la siku hizi, kumbe wazo hilo lina umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1892 kampuni ya Goerz ya Berlin ilipata lenzi iliyobuniwa na Emil von Höegh, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Dagor. Ilikuwa na nusu mbili zinazofanana. Ukiitumia nzima, ilikupa picha ya kawaida kwa f/6.8, ukifungua nusu moja na kutumia nyingine peke yake, umbali wa fokasi uliongezeka karibu maradufu, na mwanga ukapungua hadi karibu robo. Zeiss nao waliuza seti za nusu za kuchanganya, mpiga picha akapata lenzi kadhaa kutoka kwenye kisanduku kimoja kidogo. Msafiri wa Afrika Mashariki alikuwa na sababu ya kuzipenda, maana kila kitu kilibebwa kichwani na mpagazi, mzigo wa kilo 30 hivi, na kila kichwa kiliongeza posho na chakula. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa zumu pia. Voigtländer walitoa Zoomar ya milimita 36 hadi 82 mwaka 1959, Tamron wakatoa ya 28 hadi 200 mwaka 1992, na mwaka 2005 ikaja Nikon ya 18 hadi 200. Mpagazi ameondoka, imebaki sheria ya mizigo ya ndege, lakini ombi ni lile lile: nipe umbali wote katika mzigo mmoja, mwanga nitautafuta mwenyewe kwenye jua. Sizidharau lenzi hizi. Ni kazi ya ufundi mkubwa, na kwa mtu asiyejua kesho atakutana na nini, ndizo zinazomfaa. Lakini mwenyeji anajua kesho atakutana na nini.

Mfano mkubwa wa mpita njia katika eneo letu ni Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1906 alikusudia kwenda Kondoa Irangi, lakini machafuko ya huko yakamgeuza, akashuka Lindi na kupanda hadi Masasi, Newala na Mahuta. Alikuwa na kamera za vioo, kamera ya filamu na fonografu ya nta, na picha zake zinazotembea ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kupigwa kusini mwa Tanzania. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na Alice Werner akakitafsiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Ni hazina, na yeyote anayetaka kujua vyungu, nywele, chale na ndonya za uwanda wa Makonde lazima akifungue. Ila mengi yaliyomo yamepangwa juani, mbele ya ukuta au uwanjani. Vioo vya wakati huo vilikuwa vizito kuhisi mwanga, muda wake ulikuwa mfupi, na alihitaji kurudi Ulaya na vielelezo vinavyosomeka. Alikuja wakati Maji Maji ikiwa imetoka kuzimwa, askari wakiwa pamoja naye. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa kuwa ndilo pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja yangu.

Waliomfuata walirithi jua lake. Wapiga picha wa mradi wa karanga, baada ya mwaka 1947, walikuwa na kazi ya kuonyesha ukubwa: ardhi iliyosafishwa huko Nachingwea, reli kutoka Mtwara, bandari ya kina kirefu iliyofunguliwa mwaka 1954. Mradi ulishakufa kabla bandari haijakamilika, na reli ikafungwa mwaka 1962, lakini picha zimebaki na fahari yake ya mchana. Kisha ikaja vita ya ukombozi wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, iliyoanza tarehe 25 Septemba 1964. Wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na wapiga picha wao, na wageni waliruhusiwa kuvuka. Mmarekani Robert Van Lierop aliingia maeneo yaliyokombolewa mwaka 1971 kutengeneza filamu yake A Luta Continua. Tunazo picha za shule zilizofanyika chini ya miti na za misururu ya wabeba mizigo. Vita yenyewe, kwa kuhofia ndege za Wareno, ilitembea sana gizani. Mwezi Mei 2013, watu wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, zilienea picha za moshi na magari ya jeshi zilizopigwa kutoka mbali, kwa sababu zinazoeleweka. Vikao vya nyumbani vya usiku wa siku zile, watu wakibishana gesi ya Mnazi Bay ni ya nani, havikuacha picha ya kutajika. Ndivyo ukoo wa umbali unavyofanya kazi: tukio hupatikana, na watu wanaoliishi hukosekana.

Sasa tupige hesabu ya leo. Lenzi ya 18 hadi 200 ikiwekwa kwenye milimita 50, tundu lake kubwa kabisa huwa karibu na f/5; ikifika 200 ni f/5.6. Lenzi isiyozumu ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara saba kuliko ile f/5. Maana yake kwa vitendo ni hii: palipohitaji sehemu moja ya nane ya sekunde, sasa panatosha sehemu moja ya sitini. Katika moja ya nane, mtu anayezungumza anatoka na midomo miwili. Katika moja ya sitini anatoka na wake. Watengenezaji watakuambia kwamba zumu zao zina kifaa cha kutuliza mtikisiko, na ni kweli, lakini kifaa hicho kinatuliza mkono wa mpiga picha tu. Hakimtulizi mpiga ngoma, wala bibi anayegeuka kucheka, wala mtoto mapajani mwa mama yake. Kwa mtu anayepiga minara na mashua tofauti hiyo ni ndogo. Kwa anayetaka kupiga watu wa Mtwara katika saa ambazo wanaishi kweli, ni tofauti ya kuwa na picha na kutokuwa nayo. Na lenzi hiyo ya 50 kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini kuliko zote katika orodha ya kampuni kubwa za kamera.

Pingamizi la kwanza ni la kiufundi na ni la haki. Sensa za siku hizi, husema mtu, zinapanda hadi ISO 6400 bila kuharibika sana. Tatizo la Weule limetatuliwa na kamera yenyewe, lenzi ya nini tena? Kutoka ISO 800 hadi 6400 ni mara nane, yaani karibu kiasi kile kile nilichokisifu. Ni kweli. Lakini faida mbili hizo hazifutani, zinazidishana. Uso unaomulikwa na kibatari kimoja, kwa ISO 6400, unapigika vizuri kwa f/1.8, na kwa f/5.6 unarudi kwenye moja ya nane ya sekunde au chini yake. Isitoshe, vijana wengi huanza na kamera zilizokwisha kutumika, na katika hizo ISO 6400 ni mchanga mtupu usoni. Wengine watataja fleshi. Fleshi ina historia yake hapa nchini: Mjerumani C. G. Schillings aliwapiga wanyama usiku kwa unga wa magnesi katika nchi ya Pangani na Kilimanjaro, akachapisha kitabu mwaka 1905 kikashangaza Ulaya. Lakini fleshi huleta mwanga wake na kuuua ule uliokuwepo. Mnyama wa Schillings hakuwa na taa yake. Mwali wa Chuno anayo. Karabai iliyotundikwa, au siku hizi balbu moja ya sebuleni, ni sehemu ya kinachotokea, na picha ya fleshi inaonyesha nyuso nyeupe mbele ya ukuta mweusi kana kwamba watu wamevamiwa.

Pingamizi la pili nililitaja. Weule hakuwa na zumu. Alisogea karibu, kwa lenzi za umbali mmoja, na bado picha zake nyingi ni za watu wasioonekana kuwa na hiari, waliosimamishwa na mamlaka yenye bunduki. Basi kusogea peke yake si heshima. Tena, giza ambalo halikupigwa huenda lilikuwa giza lililofichwa kwa makusudi: jando na unyago vina miiko, na kuna upande wa harusi ambao mpiga picha mwanamume haingii. Nalikubali pingamizi hili kwa uzito wote, na linanilazimu kuweka mpaka kwenye hoja. Lenzi angavu haimpi mtu ruhusa. Inachofanya ni kuondoa kisingizio. Aliye na lenzi ndefu anaweza kuchukua bila kuomba, kutoka ng'ambo ya barabara; aliye na milimita 35 au 50 lazima awe ndani ya mazungumzo, na anayepigwa anaweza kumwambia toka. Chini ya Weule neno hilo lilikuwa na gharama kubwa kwa aliyelisema. Leo, kati ya jirani na jirani, halina gharama hiyo. Pale somo na wazazi watakaposema hapana, picha isipigwe, na pengo hilo ni la haki. Lakini mapengo mengi hayakuwekwa na mwiko wowote. Jikoni hakuna mwiko. Msikitini baada ya tarawehe, ukiomba, mara nyingi hakuna mwiko. Ghala la korosho usiku wa kupakia, au ukumbi wa harusi upande wa akina mama mpiga picha akiwa mwanamke mwenzao, ni mambo ya kuombwa na kukubaliwa, na yamekosa picha kwa sababu aliyekuwepo hakuwa na lenzi, na aliyekuwa na lenzi alikuwa safarini.

Lipo la tatu, la tumbo. Anayeishi kwa kupiga harusi hawezi kubadilisha lenzi bibi harusi akiwa anashuka kwenye gari, na mteja hataki falsafa, anataka kila shangazi aonekane. Waandishi wa habari nao wana hoja hiyo. Mohamed Amin, aliyekulia Tanganyika na kuanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, asingefika alikofika kwa kuchagua umbali mmoja na kutulia nao. Jibu langu ni kwamba waandishi wa kizazi chake hawakulitatua jambo hilo kwa lenzi moja ya kila kazi. Walivaa kamera mbili shingoni, kila moja na lenzi yake, na kila moja na kazi iliyojulikana. Mpiga harusi anaweza kufanya hivyo kwa kamera ya pili ya bei nafuu. Asiyeweza bado, abaki na zumu yake kwa msafara wa magari, na ndani ya ukumbi avae ile ya f/1.8. Hasara yake itakuwa picha chache za mbali, na hizo zinapatikana kwa wageni wote wenye simu.

Kuhusu umbali gani wa kuanza nao, nyumba zenyewe zinatoa jibu. Kwenye kamera ya sensa ndogo, zile ambazo wengi wanazo, milimita 50 ukiwa mita tatu inaona upana wa mita 1.4 tu: mtu mmoja na bega la mwenzake. Kwenye vyumba vya Mtwara mita tatu mara nyingi ni chumba chote. Milimita 35 inaona mita 2 kwa umbali huo, inatosha watu wawili na mkeka wao, kwa hiyo ningeinunua hiyo kwanza na 50 baadaye kwa ajili ya nyuso. Ya tatu iwe pana, milimita 16 au karibu na hapo, kwa sababu moja ninayoiona ya haraka: nyumba za mawe za Mikindani. Boma lilikarabatiwa na linapigwa kila siku, lakini nyumba za kawaida za mtaani, zenye kuta nene na madirisha madogo, zinaporomoka moja baada ya nyingine, na zikianguka hakuna atakayejua daka zilikaaje ukutani wala dari ya boriti ilishikwa na nini. Hapo unahitaji upana, na kama huna f/1.8 kwa upana huo, weka kamera kwenye miguu mitatu, ukuta hausogei.

Lenzi ndefu ije mwisho, nayo ina mahali pake halali. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina ndege wa pwani wanaotua kwenye matope maji yakitoka, na hao hawakaribiwi kwa milimita 35 wala hawapaswi kukaribiwa. Milimita 300 ya mtumba itawatosha. Na ile zumu ya 18 hadi 200 isiuzwe. Kwenye mashua ya Msimbati, upepo wa kusi ukipuliza chumvi na mchanga, kufungua kamera ili kubadilisha lenzi ni kuiharibu, na siku hiyo lenzi ya msafiri ndiyo iliyo sahihi, kwa maana siku hiyo hata mwenyeji yuko safarini.